Maswali yenu: Mjusi hana gundi, nyoka hana mafuta

Mvua zimeanza na wageni wameanza kuingia ndani, ndo maana mwezi huu kapu la maswali limejaa mijusi na nyoka tu. Yale ya dawa za kuwafukuza nimeyaweka pembeni, yana watu wao. Nimechukua ya ngozi, maana karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: huyu mnyama amejipaka nini? Gundi, mafuta, rangi? Na jibu karibu kila mara ni kwamba hajapaka kitu, kazi yote inafanywa na umbo la ngozi yenyewe, ila hilo umbo ni dogo kiasi kwamba jicho halifiki huko.

Mimi fundi alminiamu, nafunga madirisha ya vioo. Mjusi kafiri anapanda kioo nilichokifuta mpaka kinang'aa, darini ndo usiseme, anakimbia kichwa chini. Nimewahi kumshika sikuona ute wala gundi mkononi. Anashika na nini? Na mbona kuna siku anadondoka puu kwenye sahani ya watu? (Fundi, Mbagala)

Fundi umeona sawasawa, gundi hakuna. Siku nyingine akiwa amejibandika kwenye kioo, wewe zunguka upande wa pili umwangalie nyayo. Chini ya kila kidole utaona mistari mistari ya ngozi imepangwa, hiyo inaonekana kwa macho tu. Kwenye ile mistari kuna vinywele, na hapo macho yako na yangu yameishia, inabidi hadubini. Aliyechunguzwa zaidi ya wote ni tokay, mjusi mkubwa wa Asia, ni wa ukoo mmoja na hawa wetu wa darini ingawa vipimo vyao si sawasawa. Kwa tokay kila milimita moja ya mraba ina vinywele kama 14,000, urefu wa kinywele kimoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Alafu kila kinywele huko mwishoni kimechanika kama fagio la chelewa, kimetoa matawi mamia, na kila tawi lina kisahani bapa cha upana wa nanomita 200 hivi. Yaani ukivipanga elfu tano kwenye mstari ndo vinatimiza milimita moja!

Sasa kwanini viwe vidogo hivo. Vitu viwili vyovyote vikikaribiana sana sana, molekuli zao zinavutana kidogo, wanasayansi wanaita nguvu za van der Waals. Ni nguvu dhaifu na inafanya kazi kwa umbali mdogo mno, ndo maana ukiweka kiganja ukutani hakigandi, kiganja chako na ukuta vyote vina mabonde na vilima kwahiyo mnagusana sehemu chache tu. Mjusi yeye anapeleka visahani mamilioni, kila kimoja kinajipachika kwenye kibonde chake, mguso unakuwa mkubwa mno na zile nguvu dhaifu zikijumlishwa zinabeba mwili. Mwaka 2000 kina Kellar Autumn na Robert Full kule Marekani walipima kinywele kimoja peke yake wakapata nguvu ya kama maikronewton 200, ambayo ni uzito wa miligramu 20. Ndogo ndio, ila tokay ana vinywele kama milioni 6 na nusu, vyote vikishika kwa pamoja hesabu inafika kilo 130 na mnyama mwenyewe hafiki hata nusu kilo. Kwahiyo kutundikwa darini kwake si kazi kabisa, anatumia sehemu ndogo mno ya alichonacho.

Kulikuwa na ubishi labda ni unyevunyevu wa hewa ndo unaomgandisha, 2002 watafiti haohao wakamjaribu kwenye uso unaopenda maji na uso unaokimbia maji, akashika kote. Na mwaka 2014 wengine wakapima mijusi waliokufa muda mfupi uliopita, miguu ikashika kwa nguvu ileile ya wazima. Hapo ndo unaelewa kwamba hakuna msuli unaobana, ni umbo tu.

Kung'oka je, maana angeshika hivo tu angebaki hapohapo. Vinywele vimelala upande mmoja, akivuta mguu vinashika, akikunja kidole kwa juu kuanzia nchani pembe inabadilika, ikipita kama nyuzi 30 kila kimoja kinaachia chenyewe. Anafanya hivo mara nyingi kwa sekunde moja akiwa anakimbia, na wala hajui kama anafanya.

Kuhusu puu kwenye sahani: kioo kikiwa kimelowa, na vidole vyake vikiwa vimelowa, mshiko unapotea. Ndo maana bafuni unamkuta anahangaika. Teflon kavu nayo inamshinda, ile ya kwenye vikaango, ingawa 2013 walimjaribu kwenye Teflon iliyozama majini akashika, wewe shangaa. Na akiwa kwenye kujivua ngozi, vipande vya zamani vikibaki vidoleni, havishiki vizuri mpaka vitoke.

Wanafunzi wangu wameokota gamba la nyoka kwenye ua wa shule, refu, karibu zima. Walimuona nyoka wa kijani eneo hilo, lakini gamba ni jeupe linapitisha mwanga, na lina mpaka macho! Rangi imeenda wapi? Wanauliza pia kama nyoka huumia akijivua. (Mwalimu, Kilifi)

Mwalimu salama, watoto wako wana macho. Rangi haijaenda popote, amebaki nayo nyoka. Seli zenye rangi nyingi ziko kwenye ngozi ya ndani, na nyoka hatoi ngozi ya ndani, anatoa ganda la nje peke yake. Kwa nyoka weusi na wale wenye mabaka meusi huwa kuna rangi nyeusi iliyopanda mpaka ganda la nje, hao gamba lao utaona kivuli cha yale madoa.

Lenyewe hilo ganda jembamba si kitu kimoja. Ukilikata na kuliweka chini ya hadubini kubwa unakuta matabaka. Juu kabisa kuna tabaka jembamba sana ambalo ndo limebeba ile mistari na vimiiba vidogodogo nitakavyovisema kwenye maswali ya mbele. Chini yake tabaka gumu, la protini inayoitwa keratini, ngumu ya aina ambayo sisi binadamu hatuna kabisa, wanayo mijusi, nyoka, kasa, mamba na ndege, manyoya ya kuku yametengenezwa na ukoo wa protini hizohizo. Linafuata tabaka lenye mafuta ya kuzuia maji, alafu tabaka laini la keratini inayofanana na ya kucha na nywele zetu, alafu seli zinazokuja kuachia wakati wa kujivua.

Sisi ngozi yetu inabanduka kidogokidogo kila siku, vumbi la chini ya kitanda lina mchango wetu. Nyoka na mjusi wanafanya kwa awamu. Ngozi inatulia, alafu kwa chini seli zinaanza kugawanyika zinatengeneza seti nzima mpya, tabaka zote, huku ya zamani bado iko juu yake. Kwahiyo kuna siku kadhaa nyoka anatembea na ngozi mbili. Kati ya ya zamani na mpya, seli za pande mbili zinakuwa zimeingiliana kama meno ya zipu, na humo humo kwenye kuingiliana ndo vimiiba vya uso mpya vinapata umbo lake. Ikifika wakati zinaachana, majimaji yanaingia katikati, nyoka anapauka na macho yanakuwa kama yana ukungu wa bluu. Kipindi hicho haoni vizuri na ana hasira, waambie watoto wakae mbali.

Macho mliyoyaona kwenye gamba: nyoka hana kope, jicho limefunikwa na gamba moja linalopitisha mwanga, na lenyewe linavuliwa pamoja na mengine. Kuumia haumii, kinachotoka kimeshakufa zamani. Anasugua mdomo kwenye jiwe au mti, ngozi inaanza kufunguka mdomoni, anapita katikati yake, gamba linabaki limegeuzwa ndani nje. Halafu msimpime urefu kwa gamba, linazidi urefu wa nyoka, maana ngozi iliyokuwa imekunjwa kati ya magamba imenyooka yote. Wengi wanatishia watu mtaani kwa kipimo hicho.

(Wabongo mkisikia kujivua gamba mnakumbuka siasa za chama cha CCM za 2011, hilo sijaulizwa.)

Nyoka ana utelezi mwilini? Mume wangu anabisha ana mafuta. (Dada, Morogoro)

Mkavu. Anayeteleza ni kambare. Ile kung'aa ni uso laini unaorudisha mwanga, na wengine wakipigwa na jua wanatoa rangi za upinde wa mvua, ile nayo ni mistari midogo sana juu ya gamba inayogawanya mwanga, utaiona mpaka kwenye gamba lililovuliwa.

Ila mume wako usimnyime zote, mafuta yapo, yako ndani kwenye lile tabaka nililomwambia mwalimu. Watu walidhani magamba ndo yanayomzuia nyoka asikauke. Ikatokea Marekani akapatikana nyoka aliyezaliwa bila magamba, 1972 wakampima upotevu wa maji, hakuwa anapoteza zaidi ya wenzake wenye magamba. Alafu 1980 wengine wakachukua ngozi wakaitoa mafuta, maji yakaanza kupita kwa kasi. Kwahiyo anayezuia maji ni mafuta yaliyofichwa katikati ya matabaka, magamba yana kazi zingine, kumkinga na kumsaidia kutembea.

Mimi napara samaki kila siku ya Mungu. Juzi vijana wameua nyoka, mmoja akajaribu kumpara kwa kisu kwa utani, gamba halikutoka hata moja. Kwanini? (Mama ntilie, Feri)

Mama, kwanza hao vijana waonyeni, nyoka aliyekufa bado anaweza kung'ata, kichwa kinabaki na akili ya kufunga mdomo kwa muda.

Sasa gamba la samaki ni kitu kigumu cha jamii ya mfupa kilichochomekwa kwenye ngozi ya ndani, kila moja na mfuko wake, kisu kikipita linachomoka. La nyoka halijachomekwa popote, ni ngozi yenyewe imekunjwa ikawa ngumu kwa juu. Kati ya gamba na gamba ngozi ni hiyohiyo moja inaendelea, ila pale lile tabaka gumu limekuwa jembamba sana, ndo bawaba yake. Chatu akimeza swala utaona magamba yametengana na ngozi nyeupe imetokea katikati, haijachanika, ni zile bawaba zimefunguka. Kwahiyo hakuna cha kupara, labda umchune.

Kuna mjusi mmoja ameharibu hii kanuni. Madagaska na Komoro kuna wale wenye magamba makubwa kama ya samaki, Geckolepis, ukimgusa tu anakuachia magamba mkononi na ngozi juu yake anakimbia uchi, mwekundu mwekundu. Baadae yanaota tena. Mmoja wao mwenye magamba makubwa kupita wote ametangazwa 2017.

Bibi alituambia kinyonga ukimweka juu ya kanga nyekundu anakuwa mwekundu. Tumejaribu na wadogo zangu hajawa mwekundu, kawa mweusi. Rangi zake zinatoka wapi? (Lushoto)

Kawa mweusi kwasababu mmemkera! Bibi alikuwa na maana yake ila kinyonga haigi kitambaa. Rangi yake ya kawaida inafanana na majani anayokaa, hapo sawa, lakini kubadilika kwake sana sana ni ugomvi, jike, woga na joto.

Na hapa mnakaa sehemu nzuri ya kuuliza, Usambara kuna vinyonga ambao hawapatikani kwingine duniani, jenasi yao tangu 2006 inaitwa Kinyongia, jina limechukuliwa kwetu.

Wengi tulifundishwa kwamba ana vifuko vya rangi, vikifunguka rangi inatoka. Kwa weusi ni kweli, seli za rangi nyeusi zinasambaza chembe zake anakuwa mweusi kama mlivyoona. Kwa zingine mambo ni tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichukua kinyonga wa Madagaska anaitwa panther, wakaingia ndani ya ngozi yake. Wakakuta seli zimejaa vifuwele vya guanini, guanini hiyohiyo iliyopo kwenye DNA, vimepangwa kwa mpangilio kabisa. Vifuwele havina rangi. Umbali kati ya kimoja na kingine ndo unaamua mwanga gani urudi. Dume akiwa ametulia vifuwele viko karibukaribu, vinarudisha bluu, juu yake kuna rangi ya njano, bluu ikipita kwenye njano wewe unaona kijani. Akiona dume mwenzake, vinaachana, mwanga unaorudi unasogea kwenye njano na machungwa, kwa dakika chache amekuwa mtu mwingine. Wakahakikisha kwa kipande cha ngozi kwenye maji ya chumvi, seli zikinywea vifuwele vinakaribiana na rangi inahama kuelekea bluu. Chini ya seli hizo kuna tabaka lingine la vifuwele vikubwa zaidi, hilo linarudisha mwanga wa joto ambao hatuuoni, inaonekana linamsaidia asiungue na jua.

Na weusi nao una ufundi wake. Afrika Magharibi kuna nyoka jamaa ya kifutu, Bitis rhinoceros, mabaka yake meusi ni meusi wa mahameli, mwanga ukiingia hautoki. Uso wa yale magamba meusi una viumbo vya kama majani vimesimama vimebanana, mwanga unagonga humo ndani mpaka unaisha. Watafiti 2013 walilipaka gamba utando wa dhahabu na madini ya paladiamu, sehemu za rangi nyepesi zikang'aa kama chuma, pale peusi pakabaki peusi. Yaani umemfunika na dhahabu na bado ni mweusi. Mimi katika yote haya hili ndo nalipenda kuliko yote.

Nyoka aliingia sebuleni akawa anajinyonganyonga kwenye tailizi bila kufika popote, tukapata muda wa kuita watu. Alikuwa mgonjwa? (Mombasa)

Alikuwa mzima, sakafu ndo ilimshinda. Magamba ya tumboni ni mapana yamelaliana kuelekea mkiani, na ukiyaongeza ukubwa kwa hadubini nyoka wengi wana vimiiba vya kipimo cha maikromita, vyote vimeangalia nyuma. Kwenda mbele anapita laini, kurudi nyuma au kwenda pembeni anakwaruza. Tofauti hiyo ndo gia yake. Mwaka 2009 kina David Hu walipima Marekani, kwenye kitambaa nyoka anakwenda, kwenye uso laini kabisa tofauti inapotea, anajikunja palepale. Waliwavalisha mpaka nguo nyoka hao, nayo ikawapotezea gia.

Ila wapo wanaotaka kinyume chake. Nyoka wa jangwani wanaokwenda kimshazari juu ya mchanga, 2021 watafiti walikusanya magamba waliyojivua wenyewe kutoka bustani za wanyama, wakayapitisha kwenye hadubini inayopapasa uso. Wa Afrika vimiiba hawana kabisa, badala yake wana vishimo vidogo, kwa mwendo wa pembeni vimiiba vingekuwa breki. Wa Marekani vimebaki vichache. Watafiti wenyewe wanadhani ni kwasababu majangwa ya Afrika ni ya miaka mamilioni na yale ya Marekani ni ya juzijuzi, bado hajamaliza kuvitoa.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu, shuleni tuna hadubini ya kawaida. Naweza kuona hivi vitu? (Dodoma)

Marahaba mwanangu. Baadhi. Mwanga wenyewe una kikomo, kitu chini ya nanomita 200 hadubini ya mwanga haikitenganishi hata uongeze lenzi, kwahiyo visahani vya mjusi na vimiiba vidogo sahau, hivyo ni vya hadubini ya elektroni. Lakini tafuta gamba lililovuliwa, la mjusi ni rahisi zaidi kulipata, lipo nyuma ya makabati. Loweka dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu linyooke, kata kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, weka kwenye kioo na tone la maji, funika. Anza na lenzi ndogo. Utaona gamba moja moja na bawaba katikati, pale pembamba, kisha panda juu utafute mipaka ya seli kwenye uso. Chukua la mgongoni na la tumboni, ulinganishe. Ukipata kipande cha kidole cha mjusi kafiri chenye mistari, geuza kitazame kwa pembeni, vile vinywele vinaonekana kama utando wa manyoya kwenye ukingo, matawi yake ndo hayatoonekana. Gamba la nyoka uokote tu kama una uhakika mwenyewe ameshaondoka, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni, hawa wanyama wanabeba bakteria wa salmonela hata kwenye ngozi.